Ndiyo Isiyo na Jina

Mgeni akikaa kwa mara ya kwanza kwenye viti vya umma katika Bunge la Kaunti ya Kilifi, pale Malindi, macho yake huenda kwa waheshimiwa: nani kaja, nani anasinzia, nani anachezea simu. Mimi hutazama siwa. Mpambe wa bunge akishaiweka juu ya meza, bunge linakaa rasmi. Ikishushwa chini ya meza, bunge limejigeuza kuwa kamati ya bunge zima, na mswada unachambuliwa kifungu kwa kifungu. Siwa za wazee wetu wa Pate na Lamu, ile ya pembe ya ndovu na ile ya shaba, zilikuwa za kupulizwa. Hii ya bunge ni bubu, ila bila yake hakuna kikao.

Juzi dereva wa tuktuk aliyenifikisha hapo aliniuliza swali moja kuhusu mwakilishi wa wadi yake, yaani MCA: "Mzee, huyu MCA wetu kwenye ule mswada wa ada alipiga kura gani?" Sikuwa na jibu, na wala si kwa uvivu wa kusoma. Jibu lenyewe halikuandikwa popote.

Mswada wa Fedha huletwa kila mwaka kutaja ada: ya kibanda sokoni, ya maegesho, ya leseni ya biashara. Kaunti haiwezi kukudai ada bila sheria, Katiba ya 2010 imekataza. Siku mswada unaposomwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Karani husoma jina lake tu, kisha unapelekwa kwa kamati. Kamati ndiyo inayowaita wananchi, kwa sababu kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha umma ushirikishwe. Anayetaka kupunguziwa ada aende huko. Mjadala wa kusomwa mara ya pili, ule wenye hotuba na hoja za nidhamu, ni wa kukubali au kukataa mswada kwa ujumla wake. Shilingi mia mbili kugeuzwa mia moja ni kazi ya kamati ya bunge zima, siwa ikiwa chini, na aghalabu wageni wakiwa wameshaondoka.

Kisha kura. Spika husema wanaounga mkono waseme Ndiyo, ukumbi unanguruma. Wanaopinga waseme La. Unanguruma tena, pengine kwa unyonge. Spika anasikiliza, anatamka kuwa wa Ndiyo wameshinda, na mambo yamekwisha kabla hujafuta jasho. Amepima kwa sikio. Kilifi ina wadi 35, kila moja na mwakilishi wake, na juu yao wako wajumbe wa viti maalumu, lakini katika ule mngurumo hakuna wadi hata moja inayotambulika. Aliyenyamaza na aliyepaza sauti wanatoka sawasawa.

Dawa ipo, nayo ni kura ya majina. Mjumbe asiyeridhika na sikio la Spika anaweza kuidai, kwa masharti ya kanuni za kudumu. Kengele hulia, waliokuwa nje huitwa, milango hufungwa, na karani huita jina moja moja. Majibu huingia katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, na yeyote anaweza kuisoma. Binafsi naona mswada wowote unaogusa mfuko wa mwananchi ungepigiwa kura hivyo, hata kama unachosha.

Spika mwenyewe hana kura. Teddy Mwambire, aliyechaguliwa kushika kiti hicho 2022 baada ya kuwa mbunge wa Ganze, husimamia mjadala bila kuhesabiwa upande wowote. Kura zikilingana, hoja imeanguka.

Mahudhurio nayo si jambo dogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaridhika na thuluthi moja ya wajumbe ili kikao kiendelee, na maswali ya kawaida huamuliwa na wengi wa waliopo na kupiga kura. Tuseme bunge lina wajumbe 54. Wakiwepo 18, kikao ni halali. 10 kati yao wakisema Ndiyo, mswada umepita. Watu kumi, na ada inadaiwa kutoka Rabai hadi Magarini.

Hata hivyo haujawa sheria. Bunge liko Malindi na ofisi ya gavana iko Kilifi mjini, kama kilomita 60 kusini, kwa hiyo mswada nao hushika barabara ya Mombasa kutafuta sahihi. Gavana ana siku 14: atie sahihi, au aurudishe pamoja na sababu zake. Wajumbe wakitaka kuupitisha vilevile bila kumsikiliza, wingi wa kawaida hautoshi tena. Lazima wapate thuluthi mbili.

Niliporudi nilimkuta dereva yuleyule chini ya mwarobaini. Nikamweleza habari za kamati, kwamba mswada mwingine ukija aende akaseme mapema, na amwambie mheshimiwa wake adai kura ya majina. Akanisikiliza mpaka mwisho, akawasha tuktuk. "Hiyo siku ya kamati," akauliza, "hesabu ya mwenye chombo nitampelekea nini?"