Kwenda Malindi na Kurudi

Katika safari zote wazifanyazo watu wetu wa pwani, hakuna idharauliwayo kama safari fupi. Mtu akikusudia kwenda Hija, hujitengeneza mwaka mzima, akalipa madeni yake na akaagana na jirani. Akienda Nairobi, hulala mapema na kufungasha nguo usiku wake. Lakini akiambiwa, "Twende Malindi," huvaa viatu akatoka, ufunguo wa gari mkononi, na watoto wanamfuata mmoja kiatu na mmoja peku. Sababu ni kuwa Malindi ni karibu. Toka kisiwani Mombasa ni kilomita 120 hivi, barabara ni ya lami mwanzo wake hadi mwisho wake, na kila mmoja wetu ana shangazi au mjomba huko.

Twapenda leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kuipanga safari hii. Na tutaanzia pale wengi wanapomalizia, nako ni kurudi. Kwani kwenda huwa asubuhi, macho maangavu na barabara inaonekana. Misiba mingi tuisikiayo katika vyuo na misikiti yetu, ya watu waliotoka arusini, maulidini au mazikoni, ni misiba ya kurudi.

Zamani njia hii haikumwachia mtu kwenda mbio hata angetaka. Kuna maji matatu baina ya Mombasa na Malindi. Penye Nyali palikuwa na daraja lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931, mpaka lilipojengwa hili la saruji la mwaka 1980. Penye Mtwapa wazee wetu walivushwa kwa pantoni lililovutwa kwa mnyororo. Na penye Kilifi watu walingoja kivuko mpaka mwaka 1991, lilipofunguliwa daraja lililojengwa kwa msaada wa Wajapani. Wakati ule msafiri aliyefika Kilifi jioni alijua kuwa huenda akangoja saa nzima, kwa hiyo alijihesabia mapema. Alishuka garini, akanyoosha miguu, akanunua korosho, akatia maji usoni. Dereva alipumzika apende asipende. Madaraja ni neema kubwa, wala hatusemi tungependa kurudi kwenye pantoni. Tusemalo ni kuwa yale mapumziko tuliyolazimishwa na maji hayapo tena, na hakuna wa kutulazimisha sasa ila sisi wenyewe.

Hebu tuitazame siku ya mtu anayekwenda arusini Malindi na kurudi siku hiyo hiyo. Ameamka Alfajiri, au kabla yake, kwa kuwa watoto wataka kuvishwa na mama mtu ana nguo za kupigwa pasi. Saa mbili asubuhi yuko darajani Nyali. Apitapo Kongowea, Bamburi, Shanzu na Mtwapa, gari hutambaa, maana huko ni mji juu ya mji. Baada ya hapo barabara humfungukia: Kikambala, mashamba ya makonge ya Vipingo, Mnarani, Kilifi, kisha Matsangoni, na msitu wa Arabuko-Sokoke, mpaka Gede penye magofu na njia ya kwendea Watamu. Akifika Malindi saa nne au saa nne u nusu, yeye husema, "Mwaona? Si mbali."

Nikaha husomwa, hufuata pilau, hufuata mazungumzo. Saa tisa husema aage. Mwenyeji humwambia, "Ah, hata kahawa hujanywa!" Hukaa. Saa kumi shangazi atoa sahani ya halua ya kuchukua nyumbani, na huyo mtoto mdogo haonekani, yuko kwa jirani. Hatimaye huondoka saa kumi na moja. Jua humtulia kabla ya kufika Kilifi au hapo hapo Kilifi, kwani kwetu jua hutua baina ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 40 mwaka mzima, na likishatua giza halichelewi hata nusu saa. Sasa ile sehemu ya barabara yenye watu wengi kuliko zote, toka Mtwapa hadi Nyali, ataipita usiku. Huko kuna mikokoteni isiyo na taa, bodaboda zisizo na taa, lori lililoharibika likaachwa limeinamia njiani na matawi mawili ya mti nyuma yake kuwa ndiyo ilani, na watu wavukao kutoka sokoni wamevaa nguo nyeusi. Na dereva mwenyewe ameshinda macho saa kumi na nne, na tumbo lake limejaa pilau. Huyu ndiye tuliyemkabidhi roho za watoto sita.

Basi mpango wa safari hii ni hesabu moja nyepesi. Chukua saa ya kutua jua, urudi nyuma saa tatu. Gari la mtu binafsi hutaka saa mbili, na msongamano wa Mtwapa na Kongowea waweza kula saa nyingine. Kwa hiyo mwenye kutaka kufika kwake kabla ya giza hana budi kuiacha Malindi saa tisa, si saa tisa kuanza kuaga. Na saa hiyo ijulikane kabla ya kutoka Mombasa, wenyeji waambiwe kwa simu siku moja mbele, ili asionekane mtu amekasirika aondokapo. Wenyeji wetu wa Malindi ni wakarimu, na mkarimu asiyejulishwa mapema ndiye amchelewesha mgeni kuliko mtu yeyote.

Ikiwa mtu atauliza, "Na Sala?" tutamjibu kuwa sheria imekwisha kumpunguzia. Mwendo wa kupunguza Sala katika madhehebu yetu ya Shafi ni marhala mbili, na wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa ni kilomita 80 na kitu. Malindi yaupita mpaka huo; Kilifi, iliyo kama nusu ya njia, haiufiki. Mtu wa Mombasa aendaye Malindi na nia yake ni kurudi siku hiyo ni msafiri, na anaruhusiwa kusali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, katika wakati wa Adhuhuri, akaondoka saa tisa pasi na deni. Ama mwenye maskani yake Malindi, huyo akiwa huko si msafiri, naye atasali kama kawaida. Na aliyekutwa na Magharibi njiani asifanye mbio ili aiwahi nyumbani. Misikiti i kando ya barabara Kilifi na Mtwapa. Asimame, atawadhe, asali. Maji ya udhu hayo yana faida ya pili kwa dereva aliyeanza kusinzia, ingawa hayawi badala ya usingizi.

Twaja sasa kwenye maziko, na hapa twaomba tusikilizwe vizuri. Arusi hujulikana miezi mbele, lakini khabari ya mauti huja saa moja asubuhi: fulani amefariki Malindi, atazikwa baada ya Adhuhuri. Hapo watu kumi na wanane huingia katika gari la watu kumi na wanne, na dereva huambiwa awahishe. Twajua kuwa tumeamrishwa kuharakisha kuzika. Lakini amri hiyo yawahusu walio na maiti, kwamba wasimweke bila sababu. Haimhusu dereva aliye Vipingo. Na mlango haukufungwa kwa aliyechelewa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali juu ya kaburi la aliyekuwa akiufagia msikiti, kwa kuwa alizikwa bila yeye kujulishwa, na khabari hiyo imo katika vitabu sahihi. Kwa hiyo aliyekosa Sala ya jeneza anaweza kwenda kaburini na kuisali hapo. Na taazia katika madhehebu yetu ina siku tatu. Mfiwa hatapungukiwa na kitu kwa kuwa ndugu yake alifika Alasiri badala ya Adhuhuri. Atapungukiwa sana akiletewa maiti ya pili.

Tena hata hizo mbio zenyewe faida yake ni ndogo mno, na vijana wetu waliosoma hesabu waitazame. Kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni dakika 90. Kwa mwendo wa kilomita 100 ni dakika 72. Tofauti ni dakika 18, nazo hizo ni kama barabara yote ingekuwa tupu, na sote twajua si tupu. Utakayemshinda Kikambala atakukuta umesimama nyuma ya lori Mtwapa. Na bei ya dakika hizo ni hii. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika kila sekunde. Mtoto akichomoka baina ya vibanda, dereva kabla hajaigusa breki amekwisha kwenda zaidi ya mita 20. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki huzidi mara nne, si mara mbili. Hilo si rai ya mtu, ni maumbile ya vitu vizito viendavyo mbio. Sheria ya Kenya yaamuru kilomita 50 kwa saa penye miji na masoko, na magari ya abiria yasipite 80 popote pale. Aonaye sheria hiyo ni dhiki na asimame nusu saa penye soko la Kilifi ahesabu watoto wavukao barabara.

Gari lenyewe halihitaji maneno mengi. Matairi manne na la tano la akiba, breki, taa za mbele na za nyuma, vifutio vya kioo, maji ya rejeta, na mikanda ifungwe na waliokaa nyuma pia, maana watu wetu hudhani mkanda ni wa dereva na polisi. Mwenye kukodi gari alitazame kwa macho yake kabla ya kutoa pesa. Mwaka mmoja tulikodi gari la kuwachukua wanafunzi wa chuo maulidini, na mwenyewe akatuapia kuwa ni zima. Tairi lilipasuka baada ya Matsangoni, na lile la akiba likatolewa nalo ni jembamba kama karatasi na halina upepo. Watoto walisoma kasida zote wazijuazo chini ya mwembe, wakazianza tena.

Na khabari ya njia iulizwe kwa aliyepita wiki hiyo, si kwa aliyepita mwaka jana. Katika miaka hii ya 2020 kumekuwa na kazi ya kuipanua barabara ya Mombasa hadi Kilifi, na penye kazi kama hiyo njia za kuchepuka hubadilika, na palipokuwa na lami jana leo pana vumbi na mawe. Wakati wa mvua tahadhari izidi. Mwezi wa Novemba 2023 mvua kubwa zililichukua daraja la Mbogolo, baina ya Kilifi na Malindi, na njia hii tuionayo kuwa ya kila siku ikakatika. Aliyekuwa ameahidi kurudi jioni alilala alipokuwa.

Limebaki neno ambalo ni zito kidogo kulisema mbele ya wazee. Katika magari yetu mengi dereva ni kijana, na walio nyuma yake ni baba yake, ami yake na mama zake wakubwa. Kijana huyu akichoka hasemi. Ataona aibu kumwambia ami yake, "Siwezi," ilhali ami amesema kuwa kesho ana kazi dukani. Heshima hii twaifundisha sisi wenyewe chuoni, na ni nzuri. Lakini usukani hauna mkubwa wala mdogo. Wazee ndio wamfungulie mlango. Kabla ya kuondoka Malindi baba na amuulize mwanawe waziwazi, mbele ya wote, "Mwanangu, umelala vya kutosha? Waweza kutufikisha?" Na akisema, "Baba, afadhali tulale, tutoke baada ya Alfajiri," asiwepo wa kumcheka. Kadhalika mama aliye nyuma akimwona kichwa chainama ana haki ya kupaza sauti, gari lisimame. Twajua nyumba moja waliokubaliana kuwa yeyote garini, hata mtoto, akisema "pole pole" mara mbili, dereva hupunguza bila ya kujibizana. Twaliona ni jambo jema, na wenye magari walijaribu.

Watu watasema kulala ni gharama na ni kuwachosha wenyeji. Gharama gani? Mkeka na shuka watu huchukua garini. Nyumba za Malindi zina sebule, na wenyeji waliopika pilau ya watu mia hawashindwi na chai ya watu saba. Asiyetaka kulala hata kidogo, na asiye na dereva wa pili, basi na aliache gari lake nyumbani apande matatu ya asubuhi na ya mchana, alale kitini huku mwingine anaendesha, lakini achague ile isiyojaza na aondoke kabla ya saa tisa kama tulivyosema.

Ama mwenye kulala, simu ya siku moja mbele yatosha. "Shangazi, shikamoo. Tutakuja Jumamosi, tuko saba. Hatutarudi usiku. Tutandikie sebuleni, tutaondoka Jumapili baada ya chai."