Simulizi Kinzani: Maana na Matumizi Yake

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wetu ni ile inayotaja maelezo yanayokabili maelezo yaliyokwisha kuenea na kukubaliwa. Wengi huandika "simulizi mbadala". Kwa maoni yetu neno hilo halitoshi. Mbadala hushika nafasi ya kitu kilichokosekana, kama vile mkaa ukikosekana tukapikia kuni. Simulizi tunayoizungumzia haingoji nafasi iwe tupu. Husimama mbele ya nyingine ikaikinza. Kwa hiyo twapendekeza "simulizi kinzani", na ile inayokinzwa iitwe "simulizi tawala". "Pinzani" tumeliacha, maana tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 limeelemea mno siasa za vyama.

Mfano tunao Unguja. Simulizi tawala yasema uhuru wa kweli ulipatikana tarehe 12 Januari, 1964, kwa Mapinduzi ya Afro-Shirazi Party. Simulizi kinzani yasema nchi ilikuwa huru tangu tarehe 10 Desemba, 1963, ikaingia Umoja wa Mataifa siku sita baadaye. Yaliyofuata huyaita "mavamizi". Wala simulizi kinzani si moja. John Okello, katika kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 1967, alijitaja mwenyewe kuwa kiongozi wa Mapinduzi. Harith Ghassany, katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! (2010), alikusanya masimulizi yanayoonyesha mkono wa Tanganyika. Wawili hao hawapatani hata wao kwa wao.

Mwalimu hana budi kutilia mkazo kwamba istilahi hizi hutaja mahali simulizi iliposimama, si ukweli wake. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Dai lake la kudhulumiwa lilikuwa simulizi kinzani; usiku mmoja wa Januari ukaligeuza kuwa tawala.

Basi mtumishi wa serikali aandikaye "uzushi" mahali pa "simulizi kinzani" hafasiri tena, anahukumu. Na aandikaye "ukweli uliofichwa" amehukumu vilevile. Madhara yake si madogo katika Mji Mkongwe, ambako darasa moja huweza kuwa na mjukuu wa aliyeshangilia siku ile na mjukuu wa aliyefiwa.

Neno "mavamizi" likitokea katika matini, mfasiri aliache lilivyo ndani ya alama za mtajo, asiliweke "mapinduzi" badala yake. Wazee wangetosheka na "riwaya nyingine", nasi twalipenda neno hilo. Ila shule zimekwisha kulitwaa kwa hadithi ndefu za kubuni.