Hariri Nkende: mnunuzi kwanza, viwavi baadaye

Mforosadi hauna makuu. Chomeka kipande cha tawi ardhini mvua zinapoanza, na baada ya mwaka hivi utavuna majani. Kwa Nkende na vilima vingine vya Tarime, mti wenyewe si tatizo. Tatizo ni hesabu, ambayo wapiga debe wa hariri huieleza nusu.

Kiwavi wa hariri hula kwa takriban wiki nne, kisha hujifunga ndani ya kifuko cha uzi mmoja unaoweza kufika kilomita moja. Kilo moja ya vifuko vibichi hutaka majani kilo 20 au zaidi, na kilo moja ya uzi ghafi hutoka kwenye vifuko kilo 6 hadi 8. Yaani kilo ya uzi imekula majani yasiyopungua kilo 120. Sehemu kubwa ya majani hayo huliwa wiki ya mwisho, usiku na mchana. Wiki hiyo ikiangukia palizi ya mahindi, nani atakata majani? Hata Japani, iliyowahi kutamba kwenye soko la hariri, ilishindwa na gharama: kiwanda chake cha Tomioka, kilichofunguliwa 1872, kilifungwa 1987.

Halafu kuna sumu. Dawa kidogo ya kahawa ikipeperushwa na upepo humuua kiwavi, na nikotini ya tumbaku vilevile. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kuria na Migori, tumbaku imelimwa miaka mingi. Kwa hiyo tazama jirani analima nini kabla hujatazama udongo.

Ila mradi hufia sokoni. Baada ya siku kumi na kitu ndani ya kifuko, kiwavi aliyegeuka nondo hukitoboa atoke, na uzi hukatikakatika. Vifuko hivyo husokotwa kwa mkono kama pamba, lakini bei yake ni ya chini. Vinavyotakiwa vizima lazima vikaushwe mapema kwa joto, vichemshwe, kisha vifumuliwe kwa mashine. Mkulima mwenye magunia mawili hana mitambo hiyo. Mnunuzi akilijua hilo, bei anapanga yeye. Kenya ina kituo cha utafiti wa hariri Thika na wataalamu wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Nairobi, na bado hariri haijawa zao kubwa huko.

Mwenye shamba Nkende apande mistari michache kando ya zizi. Majani yana protini nyingi, mbuzi na ng'ombe wa maziwa huyapenda. Forosadi zenyewe watoto watazimaliza. Viwavi wasubiri mpaka kuwe na ushirika wenye kikaushio chake, na mkataba wa mnunuzi uliosainiwa kabla mayai hayajaagizwa.