Waifai ya laptopu inakata kila saa? Usikimbilie kununua kadi mpya

Leo siongelei mtaji wala matangazo. Naongelea kitu kilichonipotezea oda ya doti 12 za vitenge vya sare ya harusi.

Mteja yupo Maswa mjini, tunachati WhatsApp kwenye laptopu maana picha zangu zote zipo humo. Ananiambia, "Dada nitumie rangi zote ulizonazo, nipo na wenzangu tunachagua sasa hivi." Nachagua picha, natuma, kiduara kinazunguka tu. Waifai imekata. Nazima, nawasha, inashika dakika mbili, inakata tena. Mpaka nihamishie picha kwenye simu nusu saa imeisha, na wenzangu wameshalipia kwa mtu mwingine.

Laptopu yenyewe ni mtumba, Windows ilikuwa inaisumbua, mdogo wangu akaniwekea Linux Mint. Fundi akasema kadi ya waifai imekufa, nilete elfu 45 abadilishe. Nashukuru siku hiyo sikuwa nayo.

Kabla hujatoa hela, jua kwanza kinachokata ni mtandao au ni laptopu. Sisi huku Malampaka tumezoea kulaumu mnara kwa kila kitu. Chukua waya wa simu unaopitisha data (kuna waya za bei rahisi zinachaji tu), chomeka simu kwenye laptopu, halafu kwenye simu ingia pale pale pa hotspoti uwashe kushea intaneti kwa USB. Linux inaiona simu kama mtandao wa waya, kadi ya waifai haihusiki kabisa. Mimi ilitulia masaa matatu bila kukata. Kumbe bando na mnara havina shida. Hata usipotengeneza kitu kingine, kumbuka huu waya siku mteja anakusubiri.

Pili, ijue kadi yako kwa jina. Fungua taminali uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Itatoka jina la kadi na draiva inayotumika. Ukiona Broadcom na waifai haionekani kabisa, mara nyingi ni draiva haijawekwa: acha simu kwenye waya, fungua Driver Manager, chagua draiva inayopendekezwa, washa upya. Kama waifai imezimika tu, andika rfkill list. Ikisema Hard blocked: yes, tafuta swichi au kitufe cha waifai kwenye laptopu yako. Usicheke, inatokea.

Yangu ilikuwa inawaka ila inakata, kwa hiyo nikaanza na kubana umeme. Linux huwa inailaza kadi ili kuokoa betri, na kadi nyingine zikilala haziamki vizuri. Andika:

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Ukikuta wifi.powersave = 3, weka 2, hifadhi, washa laptopu upya. Kwa watu wengi inaishia hapo. Kwangu ilipunguza tu.

Kilichonishangaza ni kwamba simu ipo pembeni ya laptopu lakini waifai inaonyesha mstari mmoja, kama nipo ng'ambo ya reli. Kadi yangu ni RTL8723BE. Ina sehemu mbili za kuchomeka antena, na kuna laptopu zilizotoka kiwandani na waya mmoja tu. Draiva ikisikiliza upande usio na waya, ndiyo unapata kale kamstari. Kadi yenyewe nzima kabisa! Nikaijaribu hivi:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Mistari ikajaa hapo hapo. Yako ikikataa, rudia na ant_sel=1. Iliyokubali ndiyo unaiweka idumu, la sivyo ukizima laptopu inapotea:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Hii ni ya kadi hiyo tu, usiipachike kwenye nyingine. Na kwa kuwa kadi hii inashika 2.4 GHz peke yake, hotspoti ya simu ikiwa kwenye 5 GHz hutaiona hata ufanyeje. Badilisha kwenye simu.

Kama kadi imekufa kweli, kuwa makini na ile ya kuchomeka USB. TL-WN722N toleo la kwanza ina chipu ya Atheros, Linux inaipokea bila maneno. Toleo la pili na la tatu lina jina lile lile, ila chipu ni nyingine na inasumbua. Angalia namba ya toleo kwenye boksi. Na laptopu nyingine za zamani zinakataa kuwaka ukibadilisha kadi ya ndani, muulize fundi hilo kabla hajafungua skrubu.

Umekwama? Andika hapa jina lililotoka kwenye lspci na unachokiona. Nikifunga duka jioni napitia.