Kutoka Soy hadi Angani: Kuruka kwa Mwavuli Bonde la Kerio

Mkazi wa Soy ni mtu wa nchi tambarare. Ukisimama kando ya barabara iendayo Kitale, utazame kushoto, utazame kulia, ni mahindi na ngano mpaka macho yachoke. Wazee watakusimulia habari za klabu ya walowezi, na za twiga wa Rothschild ambao baadhi yao walihamishiwa mbuga ya Ziwa Nakuru katika miaka ya 1970, lakini habari za genge na maporomoko hawana. Ndiyo maana mtu wa Soy anayefika Iten kwa mara ya kwanza hushtuka. Anapita Eldoret, anapanda matatu nyingine, anasafiri kama kilomita 35 katikati ya mashamba yale yale aliyoyazoea, kisha ghafla ardhi inakatika. Hakuna mteremko wa kumtayarisha. Nchi imekwisha, na mbele yake ni hewa tupu.

Huo ndio ukingo wa Elgeyo. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu yako. Ng'ambo ya pili imelala milima ya Tugen, upande wa Baringo, na kati ya kuta hizo mbili mto Kerio unajipinda kuelekea kaskazini, safari yake yote hadi Ziwa Turkana.

Dunia inaijua Iten kwa sababu ya miguu. Hapa ndipo ilipo shule ya St. Patrick's, alipofika Brother Colm O'Connell kutoka Ireland mwaka 1976, na ndiye aliyemfundisha David Rudisha, yule aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Hayo kila mtoto anayajua. Lakini liko jambo la pili ambalo halizungumzwi sana nje ya mji huo. Kila mwaka mvua zikikatika, kuanzia Desemba hadi Machi, miavuli ya rangi nyekundu, manjano na buluu huonekana ikielea juu ya bonde, na chini ya kila mmoja ananing'inia binadamu.

MCHEZO GANI HUU?

Asiyeujua huudhani kuwa ni ule wa askari wanaojirusha kutoka kwenye ndege. Sivyo. Askari huanzia juu na kazi yake ni kushuka salama. Huyu wa Kerio huanzia ardhini, tena kwa miguu yake mwenyewe, na nia yake ni kupanda. Wenyewe huuita paraglaidingi. Sisi tutasema kuruka kwa mwavuli. Ulipata nguvu mwaka 1978 katika kijiji cha Mieussy huko Ufaransa, ambapo warukaji wachache wa parachuti, waliochoka kulipia ndege ya kuwapandisha juu, walitandaza parachuti zao mlimani wakakimbia kwenye mteremko. Zikawabeba.

Mwavuli wenyewe ni kitambaa chepesi cha nailoni kilichoshonwa tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo mna vijumba vingi vilivyo wazi upande wa mbele. Mtu akikimbia, upepo huingia ndani ya vijumba hivyo na kitambaa hukakamaa kikawa bawa. Hakina injini, wala ubao, wala chuma. Mikononi rubani ana kamba mbili tu: akivuta ya kushoto wanageuka kushoto, akivuta ya kulia wanageuka kulia, akivuta zote mbili mwendo unapungua. Mwendo wa kawaida ni kama kilomita 35 au 40 kwa saa, polepole kuliko pikipiki za barabara ya Eldoret.

Kwa mtu asiye na ujuzi, njia ni kuruka na rubani, watu wawili kwa mwavuli mmoja. Hapo mambo huwa kinyume cha bodaboda: abiria hukaa mbele na dereva nyuma. Wote wawili hufungwa kwa mikanda, na rubani huwa na mwavuli wa akiba uliokunjwa ndani ya kiti, ule wa siku mbaya.

Lakini ni nini kinachowapandisha? Jua la Kerio ni kali. Likipiga sakafu ya bonde, ardhi huungua, hewa iliyo juu yake hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda. Wakati huo huo upepo wa kiangazi kutoka mashariki huja ukagonga ukingo, usipate pa kupita ila juu. Bila hewa hiyo ya kupanda, mtu anayeondoka Iten angekuwa bondeni baada ya robo saa hivi. Nayo ikiwapo, rubani hodari aweza kukaa juu kwa saa nyingi, akizunguka ndani ya nguzo ya hewa kama mwewe anavyozunguka. Tena mwewe na tai ndio walimu wake. Wanapozunguka bila kupiga bawa, huko ndiko kwenye hewa nzuri. Hata chamchela, vile vimbunga vya vumbi ambavyo watoto wa bondeni hukimbizana navyo, humwambia rubani ardhi inapumulia wapi.

KIMBIA, MZEE!

Nilifika ukingoni saa tatu asubuhi, mwezi wa Januari. Rubani wangu alikuwa Mzungu aliyekwisha kuja Kerio misimu kadhaa, mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Pamoja naye alikuwa kijana wa Kikeiyo, mwembamba, mwenye kazi ya kubeba begi, kutandaza mwavuli majanini na kuzichambua kamba moja moja zisije zikafungana. Tulisalimiana "chamgei", nami nikaitikia "chamgei mising" kama ipasavyo. Baada ya hapo sikuwa na maneno mengi. Sitaki kumdanganya msomaji: tumbo lilikuwa limekaza.

Rubani alinivisha helmeti, akanifunga mikanda ya mapaja na kifua, akaikagua, akaikagua tena. Kisha akanipa somo lote kwa sentensi chache. "Mzee, mimi nasema kimbia, wewe kimbia. Usiruke. Usikae. Kimbia mpaka mimi nasema basi."

Yalionekana maneno mepesi, lakini kumbe ndani yake mna hatari kubwa kuliko zote za asubuhi hiyo. Abiria wengi, mguu unapoanza kuwa mwepesi, hudhani wamekwisha kupaa. Wanakaa kitini, uzito unarudi ardhini, na wote wawili wanaburutwa. Pia iko sababu ya Iten yenyewe. Hewa ya huko juu ni nyembamba, ndiyo inayowapa wanariadha mapafu yao. Bawa linalotafuta kushikwa na hewa nyembamba hudai mwendo wa kasi zaidi kuliko lingetaka pwani. Yaani katika mji wa wakimbiaji hata anayetaka kuruka hana budi akimbie, tena akimbie kweli.

Tulisimama tayari, uso kwa bonde. Rubani alitazama utepe uliofungwa kijitini, akataka kwenda. Yule kijana akainua mkono.

"Bado. Ngojeni kidogo."

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Tazama miti ya kule chini, mzee. Imeinama upande. Huo upepo unapita tu, haupandi. Ngoja ile ya katikati itulie."

Rubani alimtazama, akashusha mikono. Tukangoja labda dakika tano. Miti ikatulia, kisha ikaanza kutikisika kwa kuelekea kwetu, na kijana akateremsha mkono wake. "Sasa."

"Kimbia!"

Nilikimbia. Hatua ya kwanza mwavuli ulinivuta nyuma kama fahali aliyefungwa kamba. Ya tatu ukawa juu ya vichwa vyetu. Ya tano au ya sita sikuipata ardhi, miguu ilikuwa inakanyaga hewa, nami naendelea kukimbia kama mwehu mpaka nikasikia sauti nyuma ya sikio, "Basi, mzee, kaa."

Nilichotarajia ni ile hofu ya kuanguka, moyo kupanda kooni. Haikuja. Ukingo uliondoka chini yetu taratibu, na kilichobaki ni sauti ya upepo katika kamba. Kidude kidogo kilichofungwa kwenye mkanda wa rubani kilianza kulia, ti, ti, ti, kila mara haraka zaidi. Ndicho kinachompa habari kwamba wanapanda. Tukazunguka mara nne, tano, na paa za mabati za Iten zikawa chini yetu, na katika barabara nyekundu niliona kundi la wakimbiaji wakienda kama siafu. Magharibi ilionekana nchi tambarare ya Uasin Gishu, viraka vya mashamba hadi kwenye ukungu, na huko ndani yake mahali fulani ilikuwa Soy. Mashariki ni bonde: Tambach imejikunyata kwenye kingo yake, barabara ya kwenda Kabarnet ikijinyonganyonga kama nyoka aliyepigwa, na mbali sana mng'aro mdogo wa maji ambao rubani alisema ni wa Ziwa Kamnarok.

Kutoka juu mtu huona pia yale ambayo ukingo ungependa kuyaficha. Pana msitu mweusi wa kale, halafu pana kiraka kilichofyekwa, halafu tena mkwaruzo mwekundu ambapo udongo uliteleza. Watu wa Chesongoch, upande wa Marakwet, hawahitaji kupanda angani ili waelezwe maana ya mikwaruzo hiyo. Maporomoko ya Novemba 2025 yaliua zaidi ya watu 20 usiku mmoja. Sikuwa nimekwenda kutafuta habari hizo, lakini ukiwa kule juu huwezi kuzigeuzia uso.

Baada ya dakika 25 joto la bonde likaanza kutupiga usoni. Rubani alikwepa miti ya migunga, akatafuta uwanja mtupu karibu na Biretwo, akavuta kamba zote mbili, nasi tukatua kwa hatua tatu za kukimbia. Mbuzi walitawanyika. Watoto walikwisha fika kabla mwavuli haujalala chini, na mmoja wao akaanza kuukunja bila kuambiwa, kitaalamu kabisa.

UPEPO NI WA NANI?

Mtoto yule, na kijana yule wa juu, ndio waliobaki kichwani mwangu kuliko mandhari. Kabla hatujaondoka nilimwuliza kijana kama amewahi kuruka. Akasema amechukuliwa kama abiria mara mbili, kwa hisani. Peke yake? Hapana. Mwavuli mpya ni laki kadhaa za shilingi, na mafunzo ni fedha nyingine. Hata kuruka mara moja tu kama abiria humgharimu mtu zaidi ya ujira wa siku nyingi wa kibarua wa shamba la mahindi. Basi yeye husoma upepo, na wengine huupanda.

Ujasiri haukosekani huko. Nenda daraja la Chebloch, kwenye barabara hiyo hiyo ya Kabarnet, uone vijana wanavyojitupa kutoka kwenye majabali hadi ndani ya mto Kerio ili watalii wawape shilingi chache, bila helmeti, bila kamba, na mamba wamo mtoni. Kijana wa namna hiyo atashindwa na mwavuli?

Watu husema mchezo huu ni wa wageni na utabaki wa wageni. Mimi sikubali. Huko Pokhara, mji wa Nepal ulio kando ya Ziwa Phewa, wageni ndio walioanza kupakia abiria kutoka kilima cha Sarangkot katika miaka ya 1990. Leo ukienda, Wanepali wenyewe ndio wengi wanaokufunga mikanda na kukurusha, na fedha hulala mjini. Wala tusiende mbali hivyo. Mbio za uwanjani nazo zilikuja na shule na wageni, na leo ni Wazungu wanaosafiri kuja Iten kufundishwa kukimbia. Kaunti ingeweza kununua miavuli michache na kuwasomesha vijana kumi. Kumi tu. Bei ya gari moja la mkubwa ingetosha na chenji ikabaki.

KWA ANAYETAKA KUJARIBU

Msimu ni kiangazi, Desemba hadi mwanzo wa Machi. Aende asubuhi au jioni jua likianza kulegea, kwa maana adhuhuri hewa ya Kerio hupanda kwa fujo, na hiyo ni saa ya wazoefu peke yao. Amwulize rubani leseni yake, na amwulize waziwazi kama inamruhusu kubeba abiria. Anayekasirika kwa swali hilo aachwe. Aseme uzito wake wa kweli, asijipunguze, kwa kuwa mwavuli huchaguliwa kwa uzito. Akiambiwa leo upepo si mzuri, akubali, hata kama ametoka Soy kabla ya mapambazuko. Avae viatu vinavyoshika kifundo cha mguu na koti, kwa sababu juu kuna baridi ingawa chini kunachoma. Na abakishe nauli ya kupandia. Safari yangu ya kushuka ilikuwa ya dakika 25. Kurudi Iten, kwa pikipiki kwanza na kisha matatu iliyojaa maembe, ilichukua karibu saa mbili.