Droni Juu ya Bahari

Droni nzima, isiyo na hitilafu hata moja, inaweza kujizamisha baharini kwa kutii amri. Inapopaa hukumbuka mahali ilipoondokea. Mawasiliano na rimoti yakikatika, hurudi hapo yenyewe na kutua. Ukiwa umeirusha kutoka kwenye mashua inayokwenda, itashuka taratibu mahali mashua ilipokuwa, na hapo pana maji matupu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenye mipangilio, kabla mapanga hayajazunguka. Kama droni yako inaruhusu, ielekeze irudi ilipo rimoti. Kama hairuhusu, iamuru isimame angani mawasiliano yanapopotea, kisha nahodha aisogelee upesi kabla betri haijaisha.

Hatari ya pili iko tumboni mwake. Kamera ndogo na vihisi vya chini huisaidia kutulia kwa kusoma alama zisizohama: mawe, majani, ukingo wa njia. Maji hayana alama hizo. Mawimbi yanasogea, jua linametameta, na droni inaweza kulifuata wimbi au kukosea urefu wake. Ndiyo maana kuifukuzia ngalawa ukiwa mita 1 juu ya maji ni hatari kuliko kuwa mita 10.

Upepo nao una hesabu yake. Kusi ikivuma, anza kwa kwenda dhidi yake, ili wakati wa kurudi ikusukume. Anayeanza kwa kusukumwa huishiwa na betri njiani.

Ikitumbukia, usitegemee simu iendelee kukuonyesha ilipo. Mawimbi ya redio ya rimoti na ya GPS hayapenyi maji ya chumvi zaidi ya sentimita chache. Hifadhi papo hapo picha ya skrini yenye alama ya mwisho, andika saa, na dondosha boya lenye nanga. Saa itamwambia mzamiaji kama maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, na mkondo ulielekea wapi. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita 4.

Ikipatikana, usiiwashe. Toa betri kwanza. Betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi inaweza kuwaka hata baada ya siku kadhaa, kwa hiyo iweke nje, mbali na nyumba, na usiichaji tena. Suuza droni kwa maji yasiyo na chumvi mara moja, kwa sababu chumvi ikikauka ndani huendelea kula saketi. Kadi ya kumbukumbu isuuzwe na kukaushwa vizuri. Mara nyingi picha husalimika.

Droni iliyoachwa chini ni plastiki na betri juu ya matumbawe yanayolisha wavuvi wetu. Anayeirusha juu ya bahari anawajibika kuitoa. Kama kina ni kirefu kiasi kwamba hakuna mzamiaji wa kuifikia, piga picha zako ukiwa chomboni.