Simu Mkononi, Miguu Mpakani

Machi 2021 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa Mjapani Hisashi Murakami na wenzake, utafiti unaowahusu wavukaji wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuliko wanavyojua. Vijana 54 waligawanywa makundi mawili ya watu 27, kila kundi likasimama upande wake wa ujia mmoja, wakaambiwa watembee wapishane. Hakuna aliyechorewa mstari wa kufuata, wala askari hakusimama katikati kuongoza. Hata hivyo walipokutana, mistari ilijipanga yenyewe: wanaokwenda wakafuatana huku, wanaokuja wakafuatana kule, na watu wakapita bila zogo.

Kisha watatu wa kundi moja wakapewa hesabu ndogo za kujumlisha wazifanye kwenye simu huku wanatembea. Watatu tu. Walipowekwa mbele ya kundi lao, mwendo wa umati mzima ulipungua na mistari ikachelewa kujipanga. Kwamba wenye simu waliyumba, hilo hata mtoto angelitabiri. Jipya ni kwamba wasiokuwa na simu nao waliharibikiwa, wakawa wanakwepa ghafla kwa hatua kubwa za pembeni. Mwaka huo huo utafiti ulipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayokwenda kwa sayansi inayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Maelezo yake ni haya: kupishana ni kazi ya watu wawili. Ninakusoma bega, macho na mwelekeo wa kichwa, nawe unanisoma. Kila mmoja anakisia hatua ijayo ya mwenzake na kumwachia nafasi kidogo. Aliyezamisha macho kwenye kioo cha simu hakisii chochote, na kichwa chake kilichoinama hakimwambii yeyote anakoelekea. Hasomi wala hasomeki.

Hamishia hilo mpakani. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Lakini barabarani hakuna mpango wa namna hiyo. Wafanyabiashara wenye ulemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo, mikokoteni, kina mama wenye vikapu kichwani, bodaboda, na matrela yaliyotoka Mombasa yakielekea Kampala, wote wanagombea ukanda uleule. Malaba, pale Kaunti ya Busia inapokutana na Wilaya ya Tororo, foleni ya malori huweza kunyooka kilomita kadhaa, na mtembeaji hupenya anapopata. Hakuna taa, na njia ya miguu mara nyingi imeshakuwa meza ya bidhaa. Utaratibu uliobaki ni huohuo wa kusomana, na kwa kweli unafanya kazi vizuri ajabu. Mgeni hushangaa kwamba watu wengi hivyo wanapita bila kuumizana.

Kwa hiyo hoja ya kuzuia simu kwa wanaotembea si ya kipuuzi. Ina msingi, na msingi wenyewe ni mpana kuliko utafiti mmoja wa Japani.

Ira Hyman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Western Washington nchini Marekani, aliwahi kumpandisha mchekeshaji wa sarakasi kwenye baiskeli ya gurudumu moja na kumzungusha katika uwanja ambao wanafunzi huukatiza kila siku. Viatu vikubwa, pua nyekundu, nguo za rangi za kupiga kelele. Waliokwisha kukatiza waliulizwa kama wamemwona. Kati ya waliokuwa wakiongea kwa simu, mmoja kwa wanne ndiye aliyemwona. Waliotembea peke yao bila simu, takriban nusu. Waliotembea wawili wawili wakizungumza, asilimia 71.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa polepole. Wenye simu hawakuwa wakiandika ujumbe; walikuwa wakiongea tu, na macho yao yalikuwa huru. Nuru ya yule mchekeshaji iliingia machoni mwao kama ilivyoingia machoni mwa wengine. Kilichokosekana ni umakini, na ubongo hauna umakini wa ziada wa kugawa. Na mazungumzo peke yake hayakuwa na hatia, maana waliozungumza wawili wawili ndio walioona zaidi ya wote. Mwenzako wa njiani ana macho yake, na likija trela atanyamaza au atakuvuta mkono. Aliye Kampala kwenye simu hajui kwamba umefika katikati ya barabara, anaendelea kukuuliza mzigo umekwama wapi. Wachuuzi wanaotoka sokoni wakiongozana na kupiga soga wako salama kuliko kijana anayetembea peke yake akimsikiliza mtu asiyemwona. Wenye muziki masikioni nao walimwona mchekeshaji vizuri tu, ingawa mpakani, ambako honi ndiyo taa ya barabarani, sikio lililozibwa ni balaa jingine.

Hyman hakuishia hapo. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha jaribio la noti za dola zilizofungwa kwenye tawi la mti lililoning'inia juu ya njia. Watembeaji wenye simu walilikwepa tawi, wakapita salama, na wengi hawakujua kwamba wamepita chini ya pesa. Ningependa sana kuliona jaribio hilo likirudiwa mbele ya wabadilishaji pesa wa Busia! Mzaha kando, humu ndimo linamofichwa kosa letu. Mwili una uwezo wa kukwepa kitu bila mwenyewe kutambua, hivyo mtu hufika salama mara nyingi na kuamini kwamba alikuwa anaona. Lakini tawi la chuoni limesimama palepale kila siku. La Busia lina magurudumu.

Kuhusu kuandika ujumbe, takwimu ni kali zaidi. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa watu 1,102 waliokuwa wakivuka makutano 20 ya mji wa Seattle. Karibu theluthi moja walikuwa wakifanya jambo jingine huku wanavuka. Waliokuwa wakiandika ujumbe walichukua karibu sekunde 2 zaidi kufika ng'ambo, na uwezekano wao wa kufanya kosa la hatari, kama kutotazama pande zote mbili au kupuuza taa, ulikuwa karibu mara nne ya wengine. Sekunde 2 zinasikika kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hula zaidi ya mita 20 kwa muda huo.

Basi kuna miji iliyoamua. Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ilianza Oktoba 2017 kuwatoza faini wanaovuka barabara huku wakitazama simu, dola 15 hadi 35 kwa kosa la kwanza. Yamato, mji wa Japani ulio karibu na Tokyo, ulipiga marufuku kutumia simu huku unatembea mahali pa umma kuanzia Julai 2020, lakini bila adhabu yoyote. Sheria ya kukumbushana tu. Angalia tofauti ya Honolulu na yale aliyoyaona Hyman: sheria inakataza kutazama kioo na inaruhusu kuongea, ilhali waliokosa kumwona mchekeshaji walikuwa wakiongea. Sheria hukamata kinachoonekana na askari. Umakini uliotoroka hauonekani.

Je, Busia na Tororo nazo ziige? Hapa ndipo ninapoachana na wanaotaka marufuku.

Kwanza, kuthibitisha kwamba simu hupunguza umakini ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba ndiyo inayoua watembeaji ni jingine. Idara ya uchukuzi ya New York iliwasaka watembeaji waliokufa kwa sababu ya simu, na ripoti yake ya mwaka 2019 ikasema ushahidi ni mdogo. Kinachojulikana bila ubishi ni mwendo wa vyombo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Mtu aliyegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa ana matumaini makubwa ya kupona. Kwa kilomita 50 matumaini hayo yameshuka vibaya. Na watembeaji wa Kenya, ambao ndio kundi linaloongoza kwa vifo vya barabarani nchini humo, walikuwa wakifa kwa wingi kabla mtu yeyote hajawahi kutembea akitazama video.

Busia yenyewe ni shahidi mzuri. Ndiko kazi ya bodaboda ilikoanzia, miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Baiskeli na mtembeaji waliweza kusomana; kulikuwa na muda wa kutazamana na kuachiana njia. Kusomana kunahitaji muda, na muda ndio kitu cha kwanza kuibwa na injini. Mwendo umepanda mara tatu au nne, huku mahali pa kupitia miguu pamebaki palepale au pamepungua. Ukimpokonya mtembeaji simu yake hujamrudishia muda huo.

Jingine ni la tumbo. Mpakani simu ni duka. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, pesa za MTN zikaanza Uganda mwaka 2009, na watu wengi wa Busia na Malaba wana laini za pande zote mbili. Bei ya mahindi ya leo, shilingi ya Uganda inabadilishwa kwa ngapi, mzigo umetoka au bado, malipo yameingia au mnunuzi anadanganya: yote yanajibiwa mtu akiwa amesimama au anatembea katika ukanda huohuo wa mita chache. Faini hapo itamwangukia mchuuzi mdogo anayefanyia kazi barabarani, si tajiri anayepiga simu ndani ya gari akiwa amepandisha vioo. Tena kila faini mpya mpakani ni mlango mwingine wa kitu kidogo. Hilo halihitaji utafiti.

Na kuna sheria ambayo tayari ipo. Kenya na Uganda zote zinamkataza dereva kushika simu anapoendesha. Wanabodaboda wanaochomeka simu ndani ya helmeti wakaendelea na mazungumzo huku wakipenya kati ya malori wanajulikana na kila mtu. Umakini uliowatoroka wanafunzi wa Hyman huwatoroka hao pia, kukiwa na tofauti moja: mtembeaji aliyezubaa hujihatarisha zaidi yeye mwenyewe, mpanda pikipiki aliyezubaa ana chuma cha kilo mia moja kinachokwenda na watu wawili mgongoni. Kumwacha huyo na kumwandama mwenye miguu ni kumfukuza mbuzi na kumwacha fisi zizini.

Kwa hiyo serikali ya Kaunti ya Busia na ile ya Wilaya ya Tororo zisitunge marufuku ya simu kwa watembeaji. Zitoe njia ya miguu isiyokaliwa na meza wala pikipiki zinazosubiri abiria, ziweke matuta kabla ya vivuko, na polisi waanze na simu iliyo ndani ya helmeti. Kama mfano wa Yamato unavutia, basi bango moja pale watu wanapoanza kuvuka litatosha, bila faini. Nawe msomaji, simu ikilia ukiwa katikati ya barabara, iache ilie. Fika ng'ambo, panda kwenye kibaraza cha duka, simama kabisa, ndipo umpigie.